Moto wa Usiku Katika Vyumba Vyetu

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa wanachama wa Kibera na Kawangware



Twawashukuru kwa kutupa nafasi hii kabla ya hesabu za mweka hazina kusomwa, maana twajua kwamba hesabu ndizo zilizowaleta wengi wenu hapa leo. Halmashauri imetuagiza tuseme juu ya moto wa kuota nyumbani. Asili ya jambo hili ni swali la mmoja wa wazee wetu. Alikuwa amesikia kwamba huko Ayalandi watu huchimba udongo wa kinamasi, wakaukausha juani, wakauchoma majumbani mwao wapate joto. Akauliza: sisi tunaotetemeka kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti, tumekosa nini hata tusifanye vivyo hivyo? Wako waliocheka. Sisi hatukucheka. Mji wetu umeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa Julai joto hushuka mara nyingi hata digrii 10 au 12. Mtu aliyelala chini ya bati katika baridi hiyo hana haja ya kuelezwa sababu ya mzee kuuliza.

Basi tulitafuta jibu, na tutaanza na udongo wenyewe. Huo si udongo kama huu wa shambani. Ni mimea ya majini iliyokufa ikazama mahali pasipo hewa, isiweze kuoza ikaisha, bali ikalundikana tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka. Kinamasi cha namna hiyo huongezeka kwa kadiri ya milimita 1 tu kwa mwaka, kwa hiyo kina cha mita 1 ni kazi ya miaka 1,000 hivi. Udongo ukitoka shimoni, kama sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni maji. Ndiyo sababu hukatwa vipande mfano wa matofali, vikaanikwa na kupangwa ili upepo upite katikati. Baada ya majuma kadhaa huwa vyepesi, vya rangi ya kahawia, tayari kuchomwa. Moto wake ni wa polepole na wenye moshi mwingi, nao hukaa sana. Usiku mama wa nyumba huufunika kwa majivu, na asubuhi akaufukua ungali hai.

Wala si desturi ya Ulaya peke yake. Burundi, jirani yetu, ilianzisha shirika la kuchimba udongo huo mwaka 1977, liitwalo ONATOUR, na matofali yake yamechomwa katika kambi za askari na magereza. Rwanda nayo ilijenga mitambo ya umeme ya kuutumia, huko Gishoma na Gisagara. Lakini huko Ayalandi kwenyewe mambo yamegeuka. Shirika la serikali la Bord na Móna, lililoundwa mwaka 1946 kwa kazi hiyo hasa, lilitangaza mwaka 2021 kwamba limeacha kabisa kuuchimba, na tangu mwishoni mwa mwaka 2022 sheria imebana uuzaji wake madukani, ingawa watu wa mashambani wenye haki zao za zamani huendelea kujikatia wa kwao. Sababu ni moshi unaoharibu vifua vya watu, na tena kwamba udongo huo ukichomwa hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko hata makaa ya mawe kwa kiasi kile kile cha joto.

Na hapa kwetu? Wazee wa Kawangware wanaijua Ondiri, kile kinamasi kilicho karibu na mji wa Kikuyu, ambapo nchi hutikisika chini ya nyayo kwa sababu mimea imefumana juu ya maji kama mkeka. Udongo wa namna tunayoisema upo huko. Lakini Ondiri ndiyo chimbuko la Mto Nairobi. Mtu atakayekwenda na koleo kukata kinamasi kile apate kuni, anaukata mto kwenye kitovu chake. Twasema waziwazi kwamba chama hiki kisishiriki jambo hilo, wala kisimsikilize mtu yeyote atakayekuja na mpango wa biashara ya namna hiyo, hata awe na karatasi zenye mihuri.

Hapo tungeweza kufunga maneno, tukamwambia mzee wetu kwamba haiwezekani. Lakini ndani ya swali lake mna swali jingine, nalo ndilo kubwa: je, uko moto wa bei nafuu ambao mwenye mapato madogo aweza kuuwasha jioni ukamtosha mpaka alfajiri? Jibu la swali hili ni kwamba moto huo tunao tayari, na huo ndio unaotutia hofu.

Tukumbuke kidogo tulikotoka. Kibera ilipata jina lake kwa Wanubi, askari wa Kisudani waliopewa mahali hapa na serikali ya kikoloni, na kwa lugha yao neno hilo ni msitu. Waliokaa pale kwanza hawakununua kuni, waliziokota. Msitu wa Ngong ulipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, ukingo wa kuni ukaanza kwenda mbali, na kadiri mji ulivyokua, makaa yakashika nafasi ya kuni. Jiko la bati ambalo kila mmoja wetu amelipepea lililetwa, kama isemwavyo, na Wahindi waliokuja kujenga reli. Katika miaka ya 1980 mafundi wa jua kali wakaanza kulitengeneza lile lenye udongo uliochomwa ndani yake na kiuno chembamba katikati, ambalo huokoa yapata theluthi moja ya makaa au zaidi. Hiyo ilikuwa kazi njema, iliyofanywa na mikono ya watu kama sisi, na hatuoni ikisifiwa vya kutosha.

Kisha ukaja mwaka 2018. Mwezi wa Februari serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na Kitui, kulikokuwa kukitoka magunia mengi ya Nairobi, ilikuwa imekwisha kuzuia makaa yasisafirishwe. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo mafuta ya taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita. Hatusemi kwamba serikali haikuwa na sababu. Misitu ilikuwa ikiisha, na mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa katika dizeli na walaghai. Lakini mama aliyekuwa akinunua makaa kwa mkebe alijikuta amebanwa huku na huku katika mwaka mmoja. Gesi wako walioishika, na wengi huisifu kwa kupikia. Ila gesi haimtoshi mtu kuota usiku kucha, na hakuna mwenye mtungi wa kilo sita atakayejaribu.

Ndipo watu wakazidi kuyatazama madonge. Twasema juu ya yale madonge ya vumbi la makaa lililokandwa na udongo na maji, yakaanikwa kwenye mabati na kando ya njia, ambayo akina mama wa Kibera walianza kuyafinyanga zamani kabla ya mwaka 2018. Hayo ndiyo ndugu wa karibu wa matofali ya Ayalandi: udongo na ukaa, yakakaushwa juani, yakawaka polepole. Katika safari ya makaa kutoka porini hadi kwenye mkebe, kiasi cha gunia moja katika kila magunia kumi, au zaidi, hugeuka vumbi na chenga zilizokuwa zikitupwa mitaroni. Mtaalamu wetu Dkt. Mary Njenga na wenzake waliyapima madonge haya hapa Nairobi. Walichanganya sehemu nane za vumbi na sehemu mbili za udongo, wakapika chakula cha mahindi na maharagwe cha watu watano. Kwa bei za wakati ule, madonge yaligharimu shilingi 3, makaa shilingi 26, na mafuta ya taa shilingi 45. Madonge yaliwaka kwa zaidi ya saa nne, na hewa yake ya sumu ilikuwa kidogo kuliko ya makaa ya kawaida.

Twawasifu akina mama hao kwa moyo wote. Lakini twaomba mkumbuke neno moja katika habari hiyo: sumu ilikuwa kidogo, haikukosekana. Na moto unaokaa saa nne na zaidi ndio unaomshawishi mtu kuuacha uwake naye akilala.

Hapa, Bwana Mwenyekiti, twaomba subira ya wazee, maana tutasema mambo ambayo wengine wameyasikia kwa sikio moja yakatokea kwa jingine. Katika nyumba zetu inaaminiwa sana kwamba moshi ndio unaodhuru. Kwa hiyo mama mwema huliwasha jiko nje, akalipepea mpaka moshi umekwisha na makaa yamekolea, yamekuwa mekundu bila ulimi wa moto, ndipo huliingiza ndani akidhani amelitakasa. Kumbe makaa yaliyokolea namna hiyo katika chumba chenye hewa haba ndiyo yanayotoa kwa wingi ile hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozi. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushika zile chembe nyekundu zinazobeba hewa ya uhai, nayo huzishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa ya uhai yenyewe. Pumzi inaingia na kutoka, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unanyimwa chakula chake. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na usingizi mzito. Aliye macho huenda akadhani ni malaria au uchovu wa kibarua. Aliyelala hapati nafasi ya kudhani lolote.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya mioto ya nyumbani. Wengi wao walikufa polepole, kwa mapafu na moyo. Hawa wa jiko la usiku ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo, lakini kwetu si wadogo, kwa sababu huondoka nyumba nzima kwa pamoja: baba, mama na mtoto wa kunyonya. Nani kati yetu hajapata kusikia habari za mlango uliovunjwa na majirani saa tatu ya asubuhi kwa kuwa watoto hawakuonekana wakienda shule?

Wako wanaoweka sufuria ya maji juu ya jiko au beseni kando yake, wakisema maji hunyonya sumu. Hayanyonyi. Wako wanaosema hawakupata kudhurika miaka kumi. Yawezekana, na tutaeleza sababu yake, kwa kuwa sababu hiyo yafaa kujulikana.

Mababu zetu walilala na moto. Katika nyumba za Waluo, za Wakikuyu, za Waluhya na za wengineo, mafiga matatu yalikuwa ndani, na gogo lilifuka usiku kucha. Lakini paa lilikuwa la nyasi, na nyasi hupumua. Moshi ulipenya juu yake polepole kama jasho, na kuta hazikufikia paa kwa kubanwa. Vifua viliumia, macho yalikuwa mekundu, hilo hatulikatai, lakini hewa ilipata njia. Watu wa Ayalandi nao, walipoacha kufukiza nyumba zao, walijenga dohani, na mwenye kuwasha udongo wa kinamasi huwasha chini ya bomba linalopeleka hewa yote juu ya paa. Sisi tumerithi moto wa mababu bila paa lao, tena tumesikia habari za moto wa Wazungu bila kusikia habari za dohani yao.

Tazameni sasa vyumba tunavyokaa. Chumba cha kumi kwa kumi cha mabati, kama vilivyo vingi vya Laini Saba na Gatwekera, kina nafasi kati ya ukuta na paa, na mlango usiokaa sawasawa. Nafasi hizo ndizo zilizomponya yule asemaye hakudhurika miaka kumi. Sasa mwezi wa Julai baridi ikizidi, yeye mwenyewe huzishindilia matambara na makatoni, tena akasukuma gunia chini ya mlango, na usiku huo huo huliingiza jiko. Njia ya hewa huzibwa siku ile ile inapohitajiwa kuliko siku zote. Kawangware kuna jambo jingine. Wengi wamehama mabati wakaingia katika majengo ya mawe ya ghorofa, na twafurahi kwa ajili yao. Lakini chumba cha mawe chenye dirisha la chuma lililofungwa hakina tundu hata la kupitisha mdudu. Jiko ambalo katika bati lilimpa mtu kichwa kuuma, katika chumba kile laweza kummaliza. Aliyehamia nyumba nzuri na ahame bila tabia ile.

Sasa tumeuliza, kwa nini watu huliingiza jiko? Tukisema ni ujinga tutakuwa tumewatukana bure. Tumezungumza na akina mama wa pande zote mbili, nao wametupa sababu tatu zenye akili. Baridi, na hasa kwa mtoto mchanga na kwa mzee. Ya pili ni wizi: jiko lililoachwa nje usiku halionekani asubuhi. Na ya tatu, ambayo sisi wanaume hatukuifikiria, ni uchungu wa kupoteza makaa. Mtu amenunua mkebe kwa jasho lake, amepika ugali, na nusu ya makaa ingali nyekundu. Kuyamwagia maji ni kama kumwaga pesa, na kuyaacha yaishe nje ni hasara ile ile. Basi huyaingiza yampe joto, walau asiyapoteze bure.

Sababu hizi zina dawa, wala dawa zenyewe si za gharama kubwa. Kwa ile ya tatu, yatosha debe la bati lenye kifuniko kinachobana. Chakula kikiisha kuiva, makaa humiminwa debeni huko nje kwa koleo, kifuniko kikafungwa. Moto ukikosa hewa huzimika wenyewe, na asubuhi makaa yale meusi huwashwa tena kwa upesi kuliko mapya. Hapotei mtu hata shilingi. Na jiko likiisha kumwagwa makaa yake yote na kupoa, laingizwa ndani salama, na mwizi amekosa chake. Debe lenyewe libaki nje, au chini ya upenu, mbali na watoto na mbali na ukuta wa mbao, kwa maana huwa moto sana mwanzoni. Mafundi wetu wa jua kali wanaotengeneza masanduku ya shule hawatashindwa na kifuniko.

Kwa baridi, ni lazima tuseme kwamba joto lisitafutwe katika moto kwanza. Mwili wa binadamu ndio jiko, na kazi iliyobaki ni kulinda joto lake. Sakafu ya saruji hunyonya joto la mtu aliyelala juu ya godoro jembamba kuliko hewa inavyolinyonya. Kitanda, au hata mbao na mkeka chini ya godoro, huleta tofauti kubwa. Yale mapazia na shuka ambazo akina mama hutundika kwenye kuta za mabati, ambazo vijana hudhani ni pambo tu, huzuia hewa baridi iliyogusa bati isimfikie mtu, na yafaa yaongezwe. Makatoni darini hatuyapendi, kwa kuwa nyaya za umeme katika ploti zetu twazijua zilivyo, na moto wa Kibera hausubiri mtu avae viatu. Mtoto mchanga alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wakajifunika pamoja. Madaktari hufanya hivyo hivyo hospitalini kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na hakuna jiko linalompita mama kwa joto. Mzee na apewe chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringwa kitambaa, iwekwe miguuni.

Pia kuna wenye nyumba. Twajua kwamba baadhi yao wako katika mkutano huu, nao ni wanachama kama sisi. Twawaomba waache tundu la hewa lenye ukubwa wa tofali juu ya kila chumba, na jingine chini, wasilizibe. Haiwagharimu kitu wakati wa kujenga. Kadhalika twawaomba watenge upenu mmoja katika kila ploti wa kupikia wakati wa mvua, kwa sababu mvua nayo huwafukuza watu na majiko yao kuingia ndani. Lakini lisitokee neno kwamba tumesema chumba chenye tundu ni ruhusa ya kulala na jiko. Hatukusema hivyo.

Na ikitukia mtu amekwisha kupatwa, yafanyike haya bila kungojea mkubwa aitwe. Mlango na dirisha vifunguliwe wazi kwanza, ndipo anayeokoa aingie, maana wako waliokufa wakiokoa. Mgonjwa atolewe nje penye upepo, alazwe ubavu, asinyweshwe maziwa wala kitu chochote ikiwa hana fahamu, maana maziwa yataingia mapafuni na hayana dawa yoyote kwa sumu hii. Kisha apelekwe hospitali, kwa watu wa Kibera Mbagathi ndiyo iliyo karibu, hata kama ameamka na anasema amepona. Katika hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne au tano kupunguza sumu hiyo kwa nusu tu. Kwa oksijeni safi ya hospitali ni saa moja au moja na nusu. Wanaompeleka wamweleze daktari wazi kwamba palikuwa na jiko. Twalisisitiza hili kwa kuwa familia nyingine huona haya, wakasema ameanguka tu, na daktari akaanza kutafuta ugonjwa usiokuwapo.

Sasa tunafika kwenye jambo lenye fedha, na twaona mweka hazina ameinua kichwa. Chama hiki, kama vyama vingine vya namna yake katika mji huu, kilianza kwa ajili ya kuzikana. Mwanachama akifa mbali na kwao, sisi tunachanga, tunakodi gari, tunamfikisha nyumbani kwa heshima. Hatuna nia ya kulipunguza jambo hilo, wala hatutakubali lipunguzwe. Lakini gari la kupeleka maiti moja hadi Nyanza au Magharibi lina gharama ya mablanketi mengi na madebe mengi zaidi. Wako wazee watakaosema kwamba fedha za mazishi ni amana ya wafu na haziguswi. Tumelisikia neno hilo katika halmashauri, tena kwa sauti kubwa, na lililosemwa kwa ajili yake si jepesi: leo ni blanketi, kesho ni karo, keshokutwa mfuko ni mtupu na maiti iko chumba cha baridi ikihesabiwa siku. Kwa hiyo hatuombi kuugusa mfuko wa mazishi. Twaomba nyongeza ndogo katika mchango wa kila mwezi, kuanzia Januari hadi Mei tu, iwekwe katika kitabu chake cha peke yake, na itumike kabla ya mwezi wa Juni.

Itumike kwa nini, halmashauri haikukubaliana yote, nasi tunawaletea tofauti hiyo kama ilivyo. Wengine wanataka mablanketi kwa kila mwanachama, ili pasiwe na manung'uniko. Sisi tunaosema mbele yenu twaona mablanketi yaende kwa wazee wanaokaa peke yao na kwa kina mama waliojifungua mwaka huo, na fedha zilizobaki zinunue madebe yenye vifuniko, moja kwa kila nyumba inayotumia makaa, ziwe za Kibera au za Kawangware. Blanketi moja hufunika watu wawili. Debe moja hulitoa jiko katika chumba walalamo watu watano. Mtakavyoamua ndivyo itakavyokuwa.

Akina mama wanaotengeneza madonge wamekubali, kwa hiari yao, kumwambia kila mnunuzi kwamba madonge ni ya kupikia na hayalali ndani. Twawashukuru, kwa kuwa maneno hayo yaweza kuwapunguzia wanunuzi. Fundi mmoja wa mabati ametuletea debe la mfano, nalo liko hapo mezani karibu na kitabu cha wageni. Kifuniko chake chabana vizuri. Tumekijaribu kwa makaa ya mkebe mzima, yakazimika yote, na asubuhi yakawaka. Mpini wake ni mfupi mno, na mama mmoja amekwisha kulisema hilo, kwa hiyo fundi ataurefusha. Bei aliyoitaja mweka hazina ameiandika, na halmashauri inadhani yaweza kushuka kidogo iwapo tutaagiza mengi kwa pamoja. Twaomba wanachama walitazame wakati wa chai, walifungue na kulifunga kwa mikono yao, kisha kura ipigwe baada ya hesabu kusomwa.